Mikono-Nyuma

Walipokuja kumkamata Masudi, sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imekwisha tengwa na yeye amekwisha nawa. Walikuwa wanajandarma wawili. Mmoja alianza kukusanya karatasi, kalamu na wino; mwenzake, mtu mnene mwenye njaa isiyo na saa, aliketi mkekani mahali pa mwenye nyumba, akaivuta sahani akala. Alipofika nusu akauliza kama nyumba hii haina pilipili. Mwanahamisi, mke wa Masudi, akamletea pilipili. Katika mambo yote yaliyofuata, hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba hakuamriwa wala hakutishwa, aliulizwa tu, naye akainuka akaleta.

Masudi alitaka kujua kosa lake. Yule aliyekuwa akikusanya karatasi aliokota kijitabu kimoja cha picha, akakigonga kwa kidole.

"Huyu muntu wa tumbo njo nani?"

"Ni muntu wa picha tu, chef."

"Utaenda kumwambia Komisere ni wa picha."

Wakamvusha mto kwa mtumbwi, kutoka Alunguli, mtaani kwake, hadi Kasuku, penye ofisi za serikali. Abiria wengine walikuwa walewale waliozoea kumsumbua awasimulie toleo jipya kabla halijafika sokoni. Siku hiyo wote walikuwa na shughuli ya kutazama maji.

*

Muntu wa tumbo aliitwa Mikono-Nyuma, na mji mzima wa Kindu ulimjua kuliko ulivyomjua aliyemchora. Masudi alichora mabango ya maduka kwa riziki, na aliandika vijitabu vya picha kwa maradhi, maana kazi isiyolisha na isiyoachika ni nini kama si maradhi? Kwa miaka alikwaruza picha na maneno kwenye karatasi za nta, akazipitisha kwenye mashini ya roneo ya parokia, na Mwanahamisi akazishona kurasa kwa uzi wa nguo. Aliandika habari za majini, za wawindaji, za wake wenza. Watu wakanunua kwa kumhurumia. Halafu akamleta Mikono-Nyuma, wakanunua kwa kusukumana.

Mikono-Nyuma alikuwa mkubwa asiyejulikana cheo chake. Kila Jumamosi, watu wanapotolewa majumbani kwenda salongo, kufyeka majani na kuzibua mitaro ya taifa bila malipo, yeye husimama pembeni, abakosti, suti ya wakubwa wa chama, imembana tumbo, mikono kaificha nyuma, anawahimiza wenzake wapende kazi. Picha zote humwonyesha kwa mbele. Ile ya mwisho tu humwonyesha kwa nyuma, na hapo ndipo msomaji anapoona mikono ile imeshika nini: kuku wa mtu, jembe la mtu, mara moja viatu vya imamu. Wasiojua kusoma walianza na ukurasa wa mwisho na wakacheka kama wenzao.

Toleo lililomponza lilionyesha mikono imeshika gunia la mchele.

Sasa, Mikono-Nyuma hakuwa wa kubuni. Alikuwa mtu aliyeitwa Waziri, mtoto wa Bi Safi, shangazi yake Masudi, na mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Wamepewa ruhusa na wazee waliokwisha kufa kutukanana mpaka kaburini, na kati yao anayekasirika ndiye mwenye kosa. Waziri alipokuwa mdogo alikuwa mwizi wa ukoko. Alibandua ukoko wa wali ungali wa moto, akauficha mgongoni, na mama yake akimwuliza, "Waziri, mikono yako iko wapi?" hujibu, "Iko nyuma, mama," huku machozi ya kuungua yakimtiririka. Kisa hicho kilichekwa kwenye kila arusi ya ukoo. Masudi alikikuza tu na kukivalisha abakosti. Waziri mwenyewe, aliyekuwa siku hizi mkubwa wa seli ya chama mtaani kwake Kasuku, alinunua nakala za kugawia wageni. "Njo mimi huyo," alikuwa akisema, "ila tumbo amenipunja."

Lakini Komisere mpya, mtawala wa wilaya, alikuwa ametoka mbali, mtu wa Kilingala, na habari za ukoko hakuzijua. Alijua jambo moja. Mchele ulioletwa kwa treni kwa ajili ya sikukuu ya chama ulikuwa umeyeyuka kati ya stesheni na ghala, na funguo za ghala zilikuwa mfukoni mwake. Tena alikuwa na desturi, bahati mbaya yake, ya kusimama mikono nyuma. Mwizi hujishuku. Masudi hakuwa hata amesikia kwamba kuna mchele. Mchele wa serikali haukuwahi kufika Alunguli, hata kwa uvumi.

*

Mlinzi wa kasho, mahabusu ya Komisere, alipokea chakula alichopika Mwanahamisi, akakipekua kwa vidole, akamwambia kwamba mumewe ameandikwa mchochezi na atapanda ndege ijayo kwenda Bukavu. Alisema kwa upole, kama anayempa salamu za jamaa. Mwanahamisi alishukuru, akaondoka. Aliwajua waliopelekwa Bukavu kwa jina hilo. Waliorudi walikaa kimya, na wasiorudi hawakuulizwa.

Akaanza kuzunguka. Michel, karani wa parokia, mwenye mashini, alizungumza naye dirishani bila kumkaribisha ndani. Akasema roneo imeharibika tangu zamani sana, hajui Masudi alichapia wapi vitu vyake. Nyuma yake mashini ilikuwa ikizunguka, kra, kra, kra, na wote wawili wakaisikiliza. Sokoni, Albertine muuza karanga, ambaye kwenye meza yake ndiko vijitabu vilikouzwa kwa miaka, alisema yeye hajui kusoma, hajapata kuuza karatasi maishani mwake. Kisha aibu ikamshinda. Akamchotea karanga, na kwa kuwa vijitabu vilivyobaki vya kufungia alikuwa amevichoma moto asubuhi, akammiminia viganjani. Mwanahamisi akatembea katikati ya soko amekinga mikono kama ombaomba, hana pa kuzitua karanga zile, na watu wakimpisha.

Alibaki Waziri.

Katika miaka yote ya ndoa yake Mwanahamisi hakuwahi kumsalimu mtu yule kwa adabu. Mke wa mtani naye ni mtani. Yeye alimwita Tumbo, naye Waziri alimwita Sufuria, kwa weusi wa masizi aliodai anao. Siku hiyo alivua viatu mlangoni, akainamisha kichwa.

"Salaam aleikum, Bwana Waziri."

Waziri alishtuka kweli. "Usiniite bwana, Sufuria, unanitisha. Mutani akikuheshimu, ujue amekwisha kukuchimbia kaburi."

"Mwambie Komisere kama Mikono-Nyuma njo wewe. Mwambie habari ya ukoko. Neno moja tu, Masudi atatoka."

Waziri akainuka akafunga mlango, kisha dirisha. Alipogeuka hakukuwa na utani usoni mwake.

"Ile muchele imepotea kweli. Komisere anatafuta muntu wa kuibeba. Nikisema Mikono-Nyuma njo mimi, muchele njo yangu. Unaelewa?"

"Wewe uliiba ukoko. Ulikuwa mutoto."

"Kwako ni ukoko. Kwake ni magunia."

"Basi Masudi aende Bukavu kwa sababu ya tumbo lako?"

"Aende kwa sababu ya kalamu yake. Utani ni wa kinywa, shemeji, unasemwa unaisha. Nani alimutuma auweke kwenye karatasi, na wageni wausome?"

Mwanahamisi alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa akinunua na kugawa. Waziri alikuwa akitazama sakafu kama mtu aliyeangusha sindano. Mwanahamisi alimchukia wakati ule, na ubaya wa chuki yake ni kwamba alijua maneno ya Waziri ni ya kweli. Angekuwa yeye mahali pake, angefunga dirisha vilevile.

Kutoka chumba cha ndani sauti nyembamba ikauliza nani yuko sebuleni. Bi Safi alikuwa mgonjwa, hainuki tena, na habari ya kasho alikuwa amefichwa. Waziri akaweka kidole mdomoni. Mwanahamisi akaingia kumsalimu.

"Masudi iko wapi?" akauliza bibi kizee. "Siku mingi hajakuja kunitukana. Amenichukia?"

"Ana kazi nyingi, shangazi."

"Mwambie nikifa asimame mbele ya jeneza, anizuie njia, anicheke mpaka wampe chake, ndipo nipite. Nisizikwe kama mugeni."

Mwanahamisi akaahidi kumwambia.

*

Bi Safi alikufa kabla ndege haijaja, akazikwa kama mgeni. Wazee walimwendea Waziri wakamsihi aombe Masudi atolewe kasho kwa muda wa maziko tu, hata akiwa amefungwa kamba. Waziri akasema Komisere asisumbuliwe. Jeneza likatoka nyumbani, likapita njiani bila mtu kulizuia, bila mtu kudai chake, bila kicheko hata kimoja, na wabebaji wakatembea haraka kama wenye kubeba kitu cha wizi. Wanawake walinong'ona kwamba watu wa namna hii hawalali kaburini. Waziri aliyasikia yote. Alikonda uso kwa siku moja, na tumbo tu ndilo lililobaki kama zamani.

Siku ya hitima, baada ya dua, Komisere alikuja kutoa pole. Alikuja na wasaidizi, akaletewa kiti cha mikono, lakini hakukaa. Alisimama mbele ya turubai, tumbo mbele na mikono nyuma, akiwatazama waombolezaji kama alivyowatazama wafyeka majani. Waziri alisimama kando yake, naye mikono nyuma, kwa heshima.

Mwanahamisi alikuwa jikoni uani, akibandua ukoko kwenye sufuria ya matanga. Aliwaona wale wawili kupitia mlango. Baadaye watu wa Kindu walisema mengi: kwamba pepo wa Bi Safi alimpanda, kwamba alikuwa amerukwa na akili, kwamba alitaka tu kutimiza ahadi ya marehemu. Mimi sitamsingizia pepo. Maneno ya Waziri yalikuwa kichwani mwake, neno kwa neno, muchele njo yangu, na bado aliuchukua ule ukoko.

Alifunga mto tumboni kwa kanga. Alichukua koti la abakosti la Waziri lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, akalivaa juu ya mto, likamkaa sawasawa. Akaweka mikono nyuma, akatoka hadharani.

Mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Alitembea mbele ya mkeka wa wazee kwa mwendo ule, miguu nje, kidevu juu, akiwaambia wafyeke, wafyeke, taifa linawatazama. Mama mmoja akaguna. Kisha Mwanahamisi akasimama, akabadilisha sauti, na ilikuwa ni sauti ya Bi Safi yenyewe, nyembamba, yenye kukwaruza mwishoni:

"Waziri! Mikono yako iko wapi?"

Wanawake wakaitika bila kufikiri, kama walivyoitika kwenye kila arusi: "Iko nyumaa, mama!"

Komisere akaruka, akaileta mikono yake mbele. Mwanahamisi akageuka, akawaonyesha ukoko. Matanga yakalipuka. Watu waliokuwa wamebana kicheko tangu siku ya maziko walikitoa chote. Wazee walifuta machozi, wanawake wakaangukiana, na hata imamu akajifunika uso kwa kitabu chake. Waziri mwenyewe alicheka. Ndiyo, alicheka, kicheko cha kwanza tangu mama yake afe, kabla hajakumbuka ni nani amesimama kando yake.

Komisere alimwuliza mzee mmoja wa jirani, mwenye furaha ya kuwaeleza wakubwa mambo, wanacheka nini. Mzee akamweleza yote kwa moyo mweupe. Huyu ni mtani, akasema, na desturi inamruhusu. Anamwigiza mwana wa marehemu. Njo yeye Mikono-Nyuma, ile ya kitabu. Kindu nzima inajua.

"Waziri?" akauliza Komisere.

"Tangu utoto, chef. Alikuwa anaiba wali."

"Anaiba muchele," akasema Komisere polepole, na uso wake ukakunjuka. Hakuna aliyepata kumwona akitabasamu tangu aletwe Kindu. Alimwangalia Waziri kwa muda mrefu, kwa shukrani kabisa.

Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, kutoka mbele hadi nyuma, kadiri watu walivyoelewa. Mwanahamisi alibaki katikati ya ua na mto wake tumboni. Ukoko ulikuwa bado na moto. Viganja vilikuwa vikimuungua, naye hakuuacha.

*

Masudi alitolewa jioni ileile, na Waziri akaingizwa. Komisere alimrudishia Masudi kalamu na wino, akamwongezea karatasi nyeupe nzuri ambazo hajapata kuzigusa maishani, na agizo: toleo jipya litoke kabla ya ndege, Mikono-Nyuma awe na sura ya Waziri, liwafundishe wananchi kuhusu wezi wa mali ya taifa. Mwanajandarma angesubiri mlangoni mpaka liishe. Alikuwa yule wa sombe, na safari hii alijua pilipili inawekwa wapi.

Masudi alipata habari nzima njiani, kwenye mtumbwi, maana sasa abiria walizungumza naye tena. Aliingia ndani, hakuketi, hakuomba maji.

"Ungeniacha niende," akamwambia mkewe.

"Ungekwenda, mimi ningelia na nani?"

"Ni ndugu yangu. Nilimtania miaka yote, hajapata kunikasirikia hata mara moja. Wewe umemuuza kwenye matanga ya mama yake."

"Wewe njo ulimchora," akasema Mwanahamisi. "Mimi nilitembea tu."

Masudi akainua mkono. Hakuwahi kumpiga, na hakumpiga siku hiyo. Mkono ulibaki hewani, ukashuka, ukaenda kutafuta kalamu. Alichora karatasi za nta moja baada ya nyingine, akiwa ameuma meno, na sura ya Waziri ilimtoka kwa wepesi wa ajabu, maana aliijua kuliko yake mwenyewe. Kwenye picha ya mwisho alikaidi kidogo. Mikono hakuipa gunia; aliipa kipande cha ukoko, kama zamani, akitumaini atakayeona ataelewa. Komisere hakuona tofauti. Alichukua kalamu akaandika mwenyewe, chini ya picha, jina la Waziri na la mtaa wake na neno mwizi. Michel akachapisha. Mashini ilikuwa imepona.

*

Siku ya ndege wanawake wa mitaa waliitwa uwanjani kucheza animasyo, ngoma za kukisifu chama, kwa kuwa mkubwa fulani wa chama alikuwa anashuka na ndege hiyohiyo. Mwanahamisi alipangwa mstari wa mbele. Walivaa vitenge vya chama, wakaimba sifa kwa Kilingala, wengine bila kujua maana, na kiongozi wa ngoma alipita akiangalia miguu ya nani inalegea. Vijitabu viligawiwa bure. Watu walikuwa wakitazama ukurasa wa mwisho, wanakunja, wanatia mfukoni, na hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mkubwa alishuka, akapokewa, Komisere akamkaribisha mikono ikiwa nyuma. Kisha, ngoma ikiendelea, wakamleta Waziri kutoka upande wa ghala. Abakosti walikuwa wamemvua. Alikuwa na shati la ndani, tumbo limesinyaa, na mikono yake ilikuwa imefungwa kamba mgongoni. Watoto waliokuwa kwenye ua wa waya walimtambua mara moja kutoka kitabuni, wakapiga kelele kwa furaha, "Mikono-Nyuma! Mikono-Nyuma!" mpaka mama zao wakawaziba midomo.

Njia ya kwenda kwenye ndege ilipita mbele ya wachezaji. Mwanahamisi alimwona akija na akamwomba Mungu jambo moja: amtukane. Amwite Sufuria, amwambie anacheza kama bata mwenye mimba, amtukanie mama yake na kaburi la bibi yake, mbele ya wote. Alikuwa tayari kulia kwa kicheko. Alikuwa ameshaandaa la kumjibu.

Waziri alipofika usawa wake alipunguza mwendo. Alimtazama vizuri, akainamisha kichwa kama anavyoinamisha mtu kwa mke wa mkubwa asiyemfahamu.

"Salaam aleikum, mama," akasema. "Habari za nyumbani?"

Salamu haikataliwi. "Aleikum salaam, bwana," akajibu Mwanahamisi. "Ni nzuri."

Wakampandisha. Kiongozi wa ngoma alikuwa akiwatazama miguu, naye Mwanahamisi akaendelea kucheza.